Mpaka Nione Mikono Yake

Habari ya ajali iliingia nyumbani kwa simu, na kwa kuwa mwenye nyumba hakuwa na masikio ya kusikia simu, akawa wa mwisho kuipata.

Mwenye nyumba alikuwa seremala mstaafu, mjane, mtu asiyesikia tangu utotoni. Aliishi na mkwe wake, mke wa mwanawe wa kiume, mwanamke msusi ambaye wateja wake aliwasukia papo hapo barazani. Mume wa msusi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Ukimwona leo anavua viatu mlangoni, kesho unavitafuta huvioni. Kisha alikuwapo binti wa mzee, kitindamimba, ambaye msusi alimwita wifi. Huyu alifanya kazi mji wa mbali, katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine ya pasi, ile yenye rola za moto zinazozunguka. Siku hiyo shuka lilijikunja, akanyoosha mikono kulikunjua, na rola ikalivuta shuka pamoja na mikono yenyewe.

Madaktari walimpasua, wakamshona, wakamfunga bandeji hadi viwiko. Uhai haukuwa na shaka. Shaka ilikuwa kwenye vidole.

Katika nyumba nyingine jambo hilo lingekuwa zito, lakini katika nyumba hii lilikuwa zito mara mbili, maana humu ndani watu waliongea kwa mikono. Haikuwa lugha ya ishara inayofundishwa shuleni. Hii ilikuwa yao wenyewe. Mzee na marehemu mkewe waliianza walipooana, na watoto wakaikuza kila mmoja kwa kiasi chake. Dereva aliizungumza kama mtu aliyevaa glavu. Msusi, aliyeingia kwenye familia hiyo juzijuzi tu, alijua kuomba chumvi, kusema mvua inakuja, na kumcheka jirani mwenye mwendo wa bata. Aliyeimiliki hasa ni wifi. Akikaa na baba yake walikuwa wanapiga porojo mchana kutwa bila sauti, mara wanabishana, mara wanapasuka kwa kicheko, na ukiwatazama utajuta kwamba wewe una masikio.

Dereva alimweleza baba yake habari hiyo taratibu: mashine, moto, hospitali, mzima. Mzee akainua mikono yake mwenyewe, akachezesha vidole, kisha akapandisha nyusi.

Vidole je?

Dereva akajibu kwa midomo tu, "Vizima."

Mzee akageuzia uso wake ukutani.

Alikuwa na sababu. Mkewe alipougua, watu walimwambia kwamba mama amelala, anapumzika, usihofu. Akaenda hospitali amembebea kandambili zake za kuendea bafuni, akakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya. Tangu hapo, kwake yeye, mtu anayesikia ni mtu anayeweza kuficha kitu mdomoni. Mikono haifichi. Hivyo kila walipomwambia kwamba binti yako anaendelea vizuri, alijibu kwa ishara ileile, kidole machoni, kisha viganja viwili mbele: mpaka nione mikono yake.

Tatizo likawa ni kuona. Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa jicho moja kwa sababu ya mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa bado linasubiri zamu. Daktari alimkataza safari, vumbi na kubeba vitu mpaka lipone. Walipojaribu kumpigia wifi kwa picha kwenye simu ya msusi, mzee aliisogeza simu ile karibu na pua, akaipeleka mbali, akaikunjia uso, akairudisha. Alichokiona, alisema, ni doa la chai juu ya kitambaa. Na ndani ya hilo doa, mikono ya binti yake ilikuwa bado imefungwa kama mizigo.

Akaacha kwenda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, hata kule kwenda kukaa tu na kunusa mbao. Akawa wa kiti kimoja, sebuleni, mikono mapajani. Hasemi. Msusi akawa anapita na ndoo, anapita na ufagio, na kila akipita anaona ile mikono imelala pale kama vifaa vya mtu aliyestaafu mara ya pili.

Basi mchana mmoja wifi akapiga simu, muuguzi amemshikia.

"Wifi, leo wananifungua bandeji zote. Jirani yangu wa wodini ana kompyuta, ataniwekea mezani nikae mbele yake. Saa kumi nitawapigia. Lakini baba ataniona vipi?"

"Niachie mimi," msusi akasema.

Alipokata simu ndipo alipojiuliza amesema nini. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona jini. Akaendelea kusuka huku anafikiri. Sebuleni kulikuwa na televisheni ya zamani, pana na nzito, yenye kichogo kinachojaza kona nzima. Mzee hata kwa jicho moja aliona mpira vizuri humo. Na chumbani kulikuwa na kompyuta mpakato ya mumewe, iliyoanguka kutoka kwenye lori. Kioo chake kilikuwa kimevunjika, ukiiwasha unaona nyufa na weusi uliotapakaa kama wino. Ila yenyewe ilikuwa inafanya kazi, sauti inatoka, na kile kijicho cha kamera pale juu kilikuwa kizima. Je, picha ya kompyuta haiwezi kuhamia kwenye televisheni?

Akamwomba mteja radhi, akaivaa kanga yake vizuri, akaenda kwa fundi redio.

Fundi huyo watu walimwita Volti, kwa kuwa alishapigwa na umeme mara nyingi na kila mara aliinuka anacheka. Alikuwa mnene, mcheshi, na duka lake lilijaa matumbo ya redio hadi mlangoni.

"Televisheni yako ina matundu gani?" akauliza.

"Matatu. La njano, jeupe, jekundu."

"Na kompyuta?"

"Tundu moja bapa, pembeni."

"Basi hizo haziwezi kusalimiana," Volti akasema. "Kompyuta inaongea lugha yake ya kisasa, bibi kizee wako wa televisheni anaongea ya enzi zake. Unahitaji mkalimani. Anaitwa konvata." Akachomoa kisanduku kidogo cheusi, kinachoenea kiganjani, upande mmoja kina tundu bapa, upande wa pili yale matatu ya rangi. "Chomeka huku, chomeka huku, umemaliza. Hata mtoto anaweza."

Msusi akarudi nyumbani mbio, njiani akimtumia wifi ujumbe apige kwenye kompyuta ya kaka yake. Akaiweka kompyuta juu ya kigoda mbele ya televisheni, akachomeka waya bapa upande mmoja, zile za rangi upande wa pili. Akawasha. Televisheni ikawa ya buluu, buluu tupu kama ukuta wa zahanati. Akazima, akawasha. Akachomoa, akapuliza matundu, akachomeka. Buluu.

Mteja wake naye alikuwa ameshaingia ndani, ameshika rimoti. "Dada, nusu kichwa ndiyo fasheni mpya?" akauliza, lakini aliuliza kwa upole, na aliendelea kubonyeza.

Mzee alikuwa anawatazama tangu mwanzo. Mwishowe akaupiga mkono wa kiti ili mkwe wake amwangalie, kisha akauliza kwa kiganja kilichogeuzwa juu: nini hiki?

Msusi alisita. Hakutaka kumpa tumaini ambalo lingekuja kuzimika mbele ya macho yake, na hasa kwa mtu aliyekwisha kudanganywa. Lakini kunyamaza nako kungekuwa ni kuficha. Akatafuta maneno kwenye mikono yake michache: Binti. Leo. Mikono. Akaelekeza kwenye televisheni. Kisha, kwa kuwa hakujua kusema "nikifanikiwa", akaikunja mikono yake kifuani na kuinua uso kama mtu anayeomba dua.

Mzee akasimama. Akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa amevaa shati la kutokea na amechana nywele zake chache, akakivuta kiti chake hadi mbele kabisa ya ile buluu, akakaa.

Hapo msusi akaishika simu. Akampigia Volti.

"Fundi, njoo. Sasa hivi. Mkalimani wako bubu."

Volti alikuja na baiskeli, anahema kabla hata hajashuka. Akapiga goti mbele ya kigoda, akafuata nyaya kwa kidole, akaichomoa konvata, akaigeuza tumbo juu na kuisogeza dirishani ili asome maandishi yake madogo. Akajipiga kofi la paji la uso.

"Mama wee! Nimekupa inayotafsiri kinyume."

"Maana yake?"

"Hii inachukua picha ya vitu vya zamani kupeleka kwenye televisheni za kisasa. Sisi tunataka ya kisasa iende kwa ya zamani. Zinafanana kama mapacha, kwa sura huwezi kuzitofautisha, lakini kila moja ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Tumeilisha kwa mlango wa nyuma." Akaona uso wa msusi. "Usiseme kitu, dada. Nakwenda, narudi."

Akarudi shati limemganda mgongoni, na pacha wa pili mfukoni. Safari hii hakusema hata mtoto anaweza. Alichomeka taratibu. Pembeni ya kisanduku kulikuwa na tundu jingine dogo. Volti akatoa waya mwembamba, ncha moja akaitia humo, ya pili kwenye kompyuta.

"Huu ni umeme wake. Mkalimani naye hula."

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Mteja akabonyeza rimoti, buluu ikaondoka, ikaja giza. Giza lenye mistari, lakini si buluu.

"Sasa kompyuta haijui kwamba tunataka picha itokee nje," Volti akasema. "Shika kitufe chenye alama ya dirisha, huku umekishikilia bonyeza herufi P. Kisha mshale wa chini, kisha kitufe cha kuingiza. Usipopata, rudia. Tunapapasa, kioo hakisemi kitu."

Msusi akapapasa. Mara ya kwanza hakuna. Akabonyeza mshale mara moja zaidi. Televisheni ikakohoa mwanga, na picha ikatokea: ile picha ya lori ambayo mumewe aliiweka kwenye kompyuta yake, kubwa, imejaa kioo kizima. Ila haikuwa na rangi hata chembe, ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ilikuwa inapanda juu polepole, ikifika ukingoni inaanza upya chini, kama ngazi isiyokwisha.

"Inatosha?" mteja akauliza.

Kabla hajajibiwa, kompyuta ikaita.

Wote watatu wenye masikio walishtuka, na mzee, aliyewaona wakishtuka, akashika mikono ya kiti. Kwenye televisheni vilitokea vitufe viwili, cha kupokea na cha kukata, maandishi yake yamevurugika hayasomeki.

"Bonyeza cha kijani!" Volti akasema.

"Kijani kipi? Vyote majivu!"

"Basi cha... subiri, usije ukakata..."

Mlio ukanyamaza. Wifi alikuwa amekata. Chumba kikawa kimya kwa wote, siyo kwa mzee peke yake. Msusi alibaki na kidole hewani. Mzee akawaangalia mmoja mmoja, usoni, na msusi akamwona akianza kulegea mabega, akianza ile safari ya kugeukia ukuta.

Kompyuta ikaita tena.

Msusi hakumngoja mtu. Kitufe kimoja kilionekana kuwa na kichoro mfano wa kamera, au pengine ni uchafu wa kioo. Akapeleka mshale pale, akabonyeza.

Wifi akatokea.

Alikuwa mkubwa kama mtu aliyechungulia dirishani. Uso wake wa kijivu ulipanda, ukapotea juu, ukatokea chini, ukapanda tena. Alikuwa anasema kitu, midomo inacheza, hakuna sauti. Mzee akajitupa mbele mpaka msusi akamshika bega asianguke. Bila salamu, bila chochote, akapeleka kidole machoni, akaweka viganja mbele.

Wifi akainua mikono yake.

Ilikuwa ya kijivu. Kijivu kama saruji, kama mikono ya sanamu, na katika ile picha inayopanda na kushuka huwezi kujua kama ni ngozi au ni bandeji, kama vidole vinatembea au ni picha tu inayotembea. Mzee aliitazama. Kisha akageuka, akamtazama mkwe wake, na macho yake, lile lililopona na lile lenye ukungu, yakauliza swali ambalo halikuhitaji ishara yoyote.

"Fundi, fanya kitu," msusi akasema.

Volti alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, uso umekaribia konvata. "Kuna kaswichi hapa pembeni. Kako kwenye mfumo wa televisheni za nchi nyingine, si wetu, ndiyo maana rangi hakuna. Ni kadogo mno, kidole changu hakiingii. Nipe sindano, nipe msumari, nipe..."

Msusi akachomoa kitana kichwani kwa mteja, kile chenye mkia mwembamba wa kugawia nywele, akamkabidhi. Volti akasukuma.

Televisheni ikazimika. Ikakaa hivyo kwa pumzi moja, ambayo msusi hakuivuta. Kisha ikawaka.

Picha ikatulia. Rangi zikaja zote kwa mpigo: pazia la kijani la wodi, gauni la njano la wifi, na mikono. Ilikuwa ya kahawia, rangi ya mikono ya watu wa nyumba ile, na juu ya migongo yake kulikuwa na mabaka ya ngozi mpya, ya waridi, yenye kung'aa, na mistari ya nyuzi. Haikuwa mizuri kutazama. Lakini ilikuwa hai, ingeonekana hai hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Wifi akakunja kidole gumba. Akakikunjua. Akakunja cha shahada, cha kati, cha pete, kimoja baada ya kingine, taratibu, amebana meno. Mzee alikuwa anavifuata kwa vya kwake, anavikunja pamoja naye, kama watu wanaopiga chombo kimoja.

"Lakini sauti!" Volti akasema kutoka sakafuni, anahangaika na waya nyeupe na nyekundu. "Kompyuta inaita vizuri, lakini maongezi imeyahamishia huku kwenye televisheni na hayatoki, ngoja nirekebishe..."

"Sauti ya nini, fundi?" msusi akasema. "Ikae hukohuko."

Volti akanyanyua kichwa, akaitazama televisheni, akamtazama mzee, akaelewa. Akakaa kitako.

Kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikukunjika. Kilisimama wima peke yake. Mzee akakiona papo hapo, akakionyesha kwa chake.

Hicho je?

Wifi angeweza kukificha nyuma ya vingine. Badala yake alikisogeza karibu na kamera, kikajaa kioo kizima. Kisha akarudi nyuma, akaanza kuongea, kwa shida, mikono ikikwamakwama kama mtu anayejifunza kutembea. Msusi alikuwa anashika neno hapa na pale, na kwa mara ya kwanza alishika karibu yote.

Hakikunjiki, baba. Daktari hajui kama kitakunjika.

Kinauma?

Kinauma. Hasa nikilala.

Na hivi vingine?

Vinauma kidogo. Lakini vyangu vyote.

Usinifiche.

Sikufichi. Tazama mwenyewe.

Mzee akatazama mwenyewe. Alitazama muda mrefu, hata wifi akaanza kuchoka kuinua mikono, akaiegemeza mezani. Halafu mzee akamwambia kitu, haraka, kwa mkono mmoja, kidole kidogo kimesimama kama cha binti yake. Wifi akaangua kicheko, akacheka mpaka akalala juu ya meza, mabega yanaruka.

"Amesema nini?" mteja akauliza.

Msusi alikuwa anacheka naye, na machozi yanamtoka, na hayafuti. "Amemwambia sasa ana kithembe."

Baada ya hapo hakuna aliyewaingilia. Baba na binti waliongea. Waliongea habari za chakula cha hospitali, za muuguzi mkali, za jicho la mzee na miwani ya giza aliyopewa, ambayo aliivaa ili binti amwone na kumcheka. Wifi alipokosea neno kwa sababu ya kile kidole, mzee alimrudishia kwa kithembe hichohicho. Volti alijifuta macho kwa pindo la shati, akasema nyumba hii ina vumbi, na hakuna aliyembishia. Mteja akakaa chini mkekani, na msusi akaanza kumalizia ile nusu ya kichwa palepale sebuleni, macho yake yakiwa kwenye televisheni zaidi kuliko kwenye nywele.

Kifurushi cha intaneti cha simu ya msusi, kilichokuwa kinailisha kompyuta, kilipoisha, picha iliganda wifi akiwa ameinua mkono. Mzee hakusikitika. Alikaa akiitazama ile picha iliyosimama, akashusha pumzi ndefu yenye sauti, sauti ambayo yeye hakuijua, kisha akamgeukia Volti, akaushika mkono wake mnene kwa mikono yake miwili, akautikisa, akautikisa, mpaka fundi wa watu akawa hajui aangalie wapi.

Msusi akatoka nje uani. Akampigia mumewe.

Dereva alipokea kwa haraka. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa injini. "Vipi? Kuna nini?"

"Ameiona," msusi akasema. "Baba ameiona mikono yake. Vidole vinakunjika vyote, kasoro kimoja. Wameongea, wamecheka. Baba amemtania."

Akasikia lori linapunguza mwendo, likatoka lami, kokoto zikalia chini ya matairi, kisha injini ikazimwa.

"Upo?" akauliza.

"Nipo," mumewe akajibu, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Nimesimama pembeni. Niambie tena. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Msusi akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza mwanzo.